Mwalimu Dastani na Mkanda wa Kuziba Tangi

Kabla ya televisheni, Mwalimu Dastani alikuwa na hofu moja tu: aliogopa kuishiwa maji. Kijijini Mnyambe, juu kwenye uwanda wa Newala, kila mtu anayo hofu hiyo, na kwa kuwa kila mtu anayo, haiitwi hofu. Inaitwa akili. Maji ya asili yako chini bondeni na watu wako juu, na asiyetaka kuteremka huvuna mvua kwenye bati lake, huipitisha kwenye mfereji, huiingiza katika tangi la saruji lililochimbwa uani, kisha hulifunika na kulitia kufuli. Ziko nyumba ambazo mlango wa mbele umefungwa kwa kamba na tangi limefungwa kwa kufuli mbili, na hakuna anayeona ajabu.

Mwalimu alizaliwa kabla mabati hayajafika kwao. Mama yake aliteremka bondeni alfajiri na kurudi jua limeshapanda, mtungi kichwani, naye nyuma na kibuyu chake. Siku moja, wameshaiona nyumba, mama alijikwaa na mtungi ukavunjika. Hakulia wala hakutukana. Alikaa chini akautazama udongo ukinywa mpaka ulipomaliza, kisha akainuka, akaazima mtungi kwa jirani na kuianza njia upya. Mwalimu alikuja kufundisha hisabati miaka mingi, na leo amesahau karibu majina yote ya wanafunzi wake, lakini namna ule udongo ulivyokunywa hajaisahau. Wenzake walipopata mshahara wa maana walinunua baiskeli. Yeye alijenga tangi, na kwa muda mrefu alilala usingizi mzuri kuliko wenye baiskeli.

Alipostaafu, mwanawe Cyril, anayefanya kazi Mwanza, alimletea televisheni na kisimbuzi ili wazazi wasiwe wapweke. Leonia, mama yake Cyril, hakuwa na nafasi ya kuwa mpweke. Alikuwa na korosho za kuokota. Mwalimu ndiye aliyekaa. Alianza na taarifa ya habari, kama inavyompasa mtu mzima, lakini taarifa ya habari ina mwisho, na chaneli ya mauzo haina.

Kwenye chaneli ya mauzo kulikuwa na dada mmoja mwenye gauni la njano na meno mengi. "Je, umechoka na maumivu ya mgongo?" aliuliza. Mwalimu hakuwa amechoka. Dada akauliza tena, na tena, na ilipofika jioni Mwalimu alikuwa amejishika kiuno. Hivyo ndivyo ulivyokuja mkanda wa mgongo wenye joto, uliofanya kazi vizuri wakati wa baridi ya mwezi wa sita mpaka ulipounguza shati. Kikaja kikatio cha vitunguu, ambacho Leonia alikitumia mara moja akagundua kwamba kukiosha kunahitaji maji mengi kuliko kuosha kitunguu, kisu na mpishi. Likaja fagio la kudekia linalojikamua lenyewe ndani ya ndoo yake maalumu.

"Baba Cyril," Leonia alisema, akilizunguka lile fagio kama mgeni asiyejulikana ametumwa na nani. "Humu ndani nani anadeki?"

"Siku maji yakiwa mengi."

"Siku hiyo nitalitafuta."

Fagio likawa la kuondolea utando wa buibui, na kwa kazi hiyo halina mfano.

Hakuna aliyepata hasara kubwa kwa mambo hayo. Lakini mwezi wa tisa tangi lilianza kuvuja. Leonia ndiye aliyegundua, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuchota: maji yalikuwa yakishuka haraka kuliko nyumba ilivyokuwa ikinywa. Wakamwita Silvesta, fundi wa matangi wa hapo hapo Mnyambe. Silvesta akainama kwenye mdomo wa tangi na tochi yake, akakaa hivyo kwa muda unaotosha kumtia mtu homa, kisha akainuka.

"Shikamoo tena, Mwalimu," alisema, kama daktari anayetafuta pa kuanzia. "Ufa umeanza katikati ya ukuta, umeshuka mpaka kwenye kona ya chini. Hapo ni kuchimbua, kupiga plasta mpya, na juu yake niru, ile saruji tupu ya kulainisha. Kabla ya mvua."

Mwalimu akasema atafikiri. Alikuwa bado anafikiri, mbele ya televisheni, wakati dada wa gauni la njano alipotoboa tangi la plastiki kwa keekee, maji yakaruka, naye akasimama chini yake akitabasamu. Akatoa mkanda mweusi unaonata, akakata kipande cha kiganja, akabandika. Maji yakakoma. Mkanda uliitwa Zibachapu.

"Umeona?" Mwalimu aliuliza bila kugeuza shingo.

"Nimeona gauni," Leonia alisema.

"Halikulowa."

"Lile ni tangi la plastiki, Baba Cyril. La kwetu limo ardhini."

"Amesema na saruji. Ameitaja saruji kwa jina."

Akapiga namba iliyokuwa ikipita chini ya kioo. Akapokea binti. "Naitwa Upendo, nikusaidie nini, mpenzi mteja wetu?" Mwalimu, ambaye hakuwa ameitwa mpenzi tangu Cyril azaliwe, alitazama kwanza upande wa jikoni, kisha akaeleza ufa wake kwa urefu. Upendo alimsikiliza vizuri. Akamwambia sehemu ya kubandika lazima iwe kavu kabisa, baba, ikiwa kavu inashika maisha. Pesa ikatumwa kwa simu. Baada ya siku chache Upendo akapiga mwenyewe: mzigo umeshatoka.

Hapo Mwalimu alipiga hesabu. Umetoka Dar leo, kesho uko Masasi, keshokutwa uko Newala, na ukuta wa saruji nao unahitaji siku kama mbili kukauka. Kwa hiyo tangi litolewe maji leo. Hesabu ilikuwa sahihi. Hesabu za Mwalimu zilikuwa sahihi siku zote. Kilichokuwa kikikosekana ni mzigo.

Kutoa maji tangini mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yanapanda kila alasiri upande wa Msumbiji na hayanyeshi, ni jambo ambalo Mnyambe halikuwa limewahi kuonekana. Leonia alijaza mapipa, akajaza madumu, masufuria, na ile ndoo ya fagio, ambayo siku hiyo ilipata kazi yake ya kwanza ya heshima. Yaliyobaki aliambiwa awape majirani. Habari zikatembea. Bi Rukaiya wa nyumba ya pili alifika na ndoo mkononi na kanga amejitanda mpaka usoni.

"Pole sana, Mama Cyril," alisema kwa sauti ya chini. "Nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki. Watu wanasema mnatoa maji kama ya msiba."

"Hajafa mtu. Tunakausha tangi."

Bi Rukaiya akaiweka ndoo chini. "Mnakausha tangi. Mwezi huu."

"Mwalimu kaona kwenye tivii."

"Haya. Basi pole hiyohiyo," Bi Rukaiya alisema, akachota.

Jioni tangi lilikuwa tupu, na Mwalimu alifurahi, kwa sababu lilikuwa kavu. Siku ya tatu lilikuwa kavu mno na mzigo haujafika. Alizoea kwenda kulifunua na kulitazama, na lenyewe lilimrudishia sauti ya kikohozi chake. Akampigia Upendo. Mzigo uko njiani, baba. Akapiga kesho yake. Uko njiani. Alipopiga tena ulipigwa muziki, mzuri kwa kweli, akausikiliza mpaka salio likaisha. Mawingu sasa yalikuwa yameanza kunguruma. Leonia alikuwa akichota kwenye pipa kwa kikombe badala ya kata, na kila alipolifunika Mwalimu alisikia mfuniko.

Asubuhi akavaa koti la mikutano akapanda basi kwenda Masasi, kuufuata mzigo wake huko unakoshushwa.

Kaunta ya vifurushi ilikuwa na kijana mnene anayeitwa Hamudi, Mmakua, aliyekuwa amekaa kati ya magunia na redio za watu.

"Shikamoo mzee. Wa Newala?"

"Marahaba. Umejuaje?"

"Umeingia ukaitazama ndoo yangu ya maji kabla ya kunitazama mimi." Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Umefuata nini, mtani?"

"Mkanda wa kuziba tangi."

"Jamani! Mungu kawaonyesha nchi nzima, mito na mabonde, nyie Wamakonde mkachagua juu, pasipo na tone. Sasa mnaagiza selotepu."

"Nyie alipowaonyesha mlichagua mawe," Mwalimu akajibu, akiielekezea kidole milima ya Masasi iliyosimama nyuma ya stendi.

"Mawe hayavuji, mzee," Hamudi alisema, akaanza kutafuta.

Akatafuta kwa moyo, lazima isemwe. Aliinua magunia, akasoma majina, akapiga simu. Hatimaye akaja na jibu: mzigo wa Dastani, Mnyambe, ulifika Masasi zamani, lakini ulikuwa mdogo, ukajificha chini ya tairi la trekta, na basi likaondoka nao mpaka Tunduru. Utarudi. Lini? Likipatikana basi lenye kumbukumbu.

Mwalimu akalala kwa binamu yake na kushinda kaunta. Kila basi lililotoka Tunduru alilipokea kama aliyeagiza ndugu. Mawingu yalikuwa upande wa juu, kwao, meusi, yamekaa. Leonia akapiga simu.

"Huku kunanguruma."

"Nasikia."

"Unasikia kutoka Masasi?"

"Nasikia kwenye simu, Mama Cyril."

Mvua ya kwanza ilinyesha Mnyambe mchana wa siku hiyo. Mvua ya kwanza haiingizwi tangini. Bati lina vumbi la msimu mzima, majani ya mikorosho na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo bomba la mfereji huchomolewa na maji ya kwanza huachwa yaoshe na kwenda zake. Kila nyumba hufanya hivyo, na kila mwaka Leonia alifanya hivyo bila kuwaza. Mwaka huu alisimama barazani akayatazama maji yakimwagika uani kama yamefunguliwa na adui. Hakuwahi kuona mvua ya kuosha bati ikiwa nyingi namna ile. Ya pili ndiyo ya tangi, na ya pili haitumi taarifa. Ikilikuta tangi na ufa wake, maji yatapita kama mgeni wa njiani, na mwaka mzima utakuwa wa kununua madumu kwa vijana wa pikipiki, au wa kuteremka bondeni kwa magoti ambayo yeye na Mwalimu hawakuwa nayo tena.

Ilipokatika, akajifunga kanga akaenda kwa Silvesta.

"Fundi, ukipiga plasta leo itawahi?"

"Ikipata siku mbili tatu bila maji, itawahi. Mwalimu anasemaje?"

"Mwalimu yuko Masasi anangoja mkanda."

"Akija nao?"

"Utaubandika juu yake. Atakayeingia tangini ni wewe. Yeye magoti hayamruhusu."

Silvesta akafikiri. "Mle ndani mna giza," alisema.

"Mna giza," Leonia akakubali.

Mkataba ukafungwa hapo. Saruji ilikuwepo, mfuko uliobaki walipojenga choo. Malipo yalikuwa kikatio cha vitunguu, ambacho mke wa Silvesta alikuwa akikiulizia afya yake tangu kilipofika kijijini.

Mwalimu akarudi siku mbili baadaye na bahasha ya nailoni chini ya kwapa. Kwenye kioo Zibachapu ilikuwa na ukubwa wa gurudumu; kwenye kiganja ilitosha kuwa bangili. Maelezo yalikuwa ya Kichina, pamoja na mchoro wa mtu anayecheka. Mwalimu aliyasoma yote. Kisha akaitisha fundi, akaketi kwenye kigoda kando ya mdomo wa tangi, na Silvesta akashuka kwa ngazi, Leonia akiishika.

"Pakavu?" Mwalimu aliuliza.

"Pakavu, Mwalimu." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Pasugue kwanza."

"Nimesugua."

Mwalimu akainama, akavuta pumzi. "Nasikia harufu ya saruji."

Leonia akaanza kuyachunguza mawingu.

"Tangi ni la saruji, Mwalimu," ikasema sauti.

"Bandika kutoka juu. Dada alianzia juu."

"Naanzia juu."

"Kandamiza!"

"Nakandamiza."

Mwalimu akamulika kwa tochi. Ukutani palikuwa na mstari mweusi, umenyooka, kama uliochorwa kwa rula. Aliutazama kwa upendo ambao hakuwahi kuonyesha hata kwa wanafunzi waliofaulu.

Mvua ya pili ikaja kesho yake baada ya chakula cha mchana. Bomba lilikuwa limesharudishwa. Maji yakagonga sakafu ya tangi, mwanzo kwa kelele, baadaye kwa sauti nzito, na Mwalimu na mkewe wakakaa barazani, kila mmoja akisikiliza kitu chake. Ilipokatika, tangi lilikuwa limepita nusu. Mwalimu akachukua ufito, akautumbukiza mpaka chini, akaukata alama kwa kisu pale maji yalipoishia.

Kuanzia hapo nyumba iliishi kwa ule ufito, na maji ya kutumia yakaendelea kuchotwa mapipani. Alipima kabla ya kula na baada ya kula. Alipima akitoka kanisani, koti likiwa mwilini. Kila alipouchomoa, Leonia aliacha anachofanya, ming'oko, vile viazi vya porini, ikiungua jikoni, na kumtazama mgongo, maana mgongo wa Mwalimu husema kabla ya mdomo. Maji yalikuwa kwenye alama. Yakawa kwenye alama tena. "Halikulowa," Mwalimu alisema, akimaanisha gauni, na Leonia akasema kweli halikulowa.

Asubuhi ya tatu walikwenda pamoja, yeye na ufito, mkewe na ndoo. Mwalimu akafungua kufuli, akainua mfuniko. Juu ya maji kulikuwa na kitu kirefu cheusi, kimejikunja, kinaelea.

"Nyoka," Leonia alisema haraka, kwa kuwa alikuwa ameshaona kwamba si nyoka.

Mwalimu akakitia ufito, akakiinua. Ulikuwa mkanda wote, mzima, haukupungua hata kidole. Akauweka chini, akatumbukiza ufito mpaka mwisho, akautoa. Maji yalikuwa palepale kwenye alama. Akautazama ufito, akautazama mkanda, na hesabu ikaonekana usoni pake ikifanyika, mstari kwa mstari, mpaka jibu.

"Silvesta alipiga plasta."

"Alipiga."

"Lini?"

"Ulipokuwa Masasi."

"Na niru?"

"Na niru."

Mkanda ulikuwa ukichuruzika. Udongo wa uani ukanywa, Mwalimu akautazama mpaka ukamaliza.

"Basi Zibachapu haikupewa nafasi," alisema mwishowe. "Haishiki kwenye saruji mbichi. Yule binti wa simu alisema wazi, pawe pakavu."

"Haikupewa," Leonia alikubali. "Ningeipa nafasi, saa hizi ningekuwa bondeni, na wewe nyuma yangu na kibuyu."

Hakuwa amekusudia kusema la kibuyu. Lilikuwa limeshatoka. Mwalimu akauokota mkanda, akaenda kuuanika kwenye kamba, kati ya kanga mbili, akaubana kwa kibanio.

Bi Rukaiya aliwakuta hivyo. Alikuwa na simu mkononi na haraka usoni. "Mwalimu, shikamoo. Nipe ile namba ya duka la kwenye tivii. Tangi langu nalo limeanza kushuka, na nimeona lenu limeshika. Watoto nimeshawaambia waanze kutoa maji wakaushe."

Leonia akamtazama mumewe. Mwalimu akautazama mkanda uliokuwa ukipepea kwenye kamba.

"Wameshaanza?"

"Wanatafuta ndoo."

"Kimbia ukawazuie," Mwalimu alisema. "Wasitoe hata kikombe. Kwanza mwite Silvesta aangalie."

"Na mkanda?"

Aliyeitazama chaneli ile mwaka mzima hawezi kuitupa kwa siku moja. "Mkanda," Mwalimu alisema, "ni mzuri kwa matangi ya plastiki."

Bi Rukaiya akaondoka mbio, akiita majina ya watoto tangu uani. Ndani ya nyumba dada wa gauni la njano alikuwa akiuliza kama kuna mtu amechoka. Mwalimu hakuingia. Akachukua ufito, akarudi kwenye mdomo wa tangi.

"Baba Cyril, si umepima sasa hivi?"

"Nilikuwa napima mkanda," alisema, akiuzamisha taratibu. "Sasa nampima Silvesta."